Mwalimu wa Tuisheni

Oud Metha, Dubai
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kaka yangu Taib,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na baridi ya Leipzig haijaanza kukuuma magoti. Huku sote wazima, ila Mama na presha yake. Dawa hamezi mpaka agombane nazo kwanza. Kila Ijumaa anapika biriani ya watu kumi na sisi tuko watatu, na chumbani kwako haturuhusiwi kuweka hata pasi.

Ningekupigia simu, lakini ungesikia sauti yangu ukanihurumia kabla hujajua kitu. Nimeona bora niandike, barua nimpe Jalia, binti wa jirani, anayesafiri kuja huko kesho.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema kwa kuwa chuo cha hapa Dubai ulichoomba kazi kilikukataa, mwisho wa mwezi utakirudisha cheo chako cha Privatdozent, maana umechoka kufundisha kila muhula bila mshahara ili tu kisikutoke. Unasema labda hukutosha. Kaka, ngoja. Nakuomba usipeleke karatasi yoyote kabla hujamaliza kunisoma.

Wiki iliyopita alikuja ofisini kwetu Dokta Musab, Msudani aliyekuwa akifundisha Vienna. Kazi yangu unaijua: natafsiri vyeti vya Kijerumani kwa Kiarabu, nagonga muhuri, yalla, anayefuata. Katika cheti chake nikakutana na neno lile lile, Privatdozent. Nikamwuliza kwa upole alikuwa akisomesha watoto wa nani. Loh! Mzee wa watu alinitazama kama niliyemmwagia chai. Akanieleza kwamba huyo ni mtu aliyekwisha kuwa daktari wa falsafa, akaandika kitabu cha pili, akajitetea mbele ya maprofesa, akapewa haki ya kufundisha chuo kikuu kwa jina lake mwenyewe. Kilichobaki ni kiti cha uprofesa tu. Nikamwomba radhi, nikaingia chooni nikalia.

Kwa sababu cheti chako, kaka, nilikitafsiri mimi. Ulinipa kazi ile kwa furaha, ukasema hakuna mgeni atakayeiandika vizuri kama mdogo wako, uliyemfundisha Kijerumani mwenyewe jikoni kwako. Nami nikaandika mudarris khususi. Mwalimu wa tuisheni! Chuo kikasoma hivyo, kikaweka faili lako pembeni.

Kukosea ni kukosea, ningekuomba radhi tukaishia hapo. Baya zaidi ni kwamba sikukuuliza. Nilipoliona lile "privat", yaani binafsi, nilijiambia, kumbe! Ndiyo maana miaka yote hana mshahara wa kueleweka. Anazunguka majumbani kwa watu akisomesha watoto, na sisi anatuambia yuko chuo kikuu. Niliamini unatudanganya. Nikakuonea huruma, nikanyamaza ili nikusitiri. Astaghfirullah, nilikusitiri aibu niliyoitunga mwenyewe.

Alhamisi nilikwenda chuoni, kule Silicon Oasis, na barua ya kukiri kosa langu. Madam Alya, anayepokea maombi, aliniambia nafasi ile khalas, ina mtu. Ipo nyingine ya muhula wa Januari, nawe unaweza kuiomba, mradi cheo uwe bado unacho. Arbab wetu, Bwana Talal mwenye ofisi, amenipokonya muhuri mpaka aamue la kunifanya. Haki yake.

Mama nimemwambia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliingia chumbani kwako akavua mashuka yaliyokuwa safi, akaanza kuyafua upya. Anakusalimu sana.

Tafsiri mpya iko humu ndani ya bahasha. Mwenzangu Sundus ataigongea muhuri wake ukiniruhusu. Nimeandika: mhadhiri mwenye haki kamili ya kufundisha chuo kikuu. Ndivyo, kaka? Sijaipeleka popote. Safari hii nauliza.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Ashwaq