Albamu Mbili kwa Moto Mdogo

Busia, upande wa Uganda
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Nakushika miguu yote miwili, na ule wa kushoto naushika taratibu kwa sababu najua mvua bado zinanyesha huko Tabora na goti lako halina adabu. Unalalaje siku hizi? Mama ameacha kukohoa? Sisi huku wazima. Mihogo ya mama mkwe kule Mulanda imekubali mwaka huu, na Othieno mume wangu, yule dereva uliyesema hatanifikisha popote, bado ananifikisha.

Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ukisikia neno saksafoni tu, unampa mama. Barua hii huwezi kumpa, maana miwani yake imevunjika. Nimeambiwa na Rama. Huyo mdogo wangu asiyejua kutunza siri ameniambia na lingine: kwamba umemwahidi mwalimu wa bendi ya shule saksafoni yako, na Jumamosi hii anakuja kuichukua.

Sikatai, baba. Saksafoni ni yako. Ninachoomba ni kwamba kabla ya Jumamosi uisome barua hii mpaka mwisho, na usikilize flashi atakayokupa Othieno pamoja nayo. Anaondoka kesho na mzigo wa Mwanza, na tajiri wake amemruhusu kushuka mpaka Tabora. Alhamisi atakuwa kwako. Mpe chai, lakini usimuulize habari za injini. Hatanyamaza.

Najua umeapa. Tangu yale meno ya juu yalipong'olewa, huu mwaka wa nne, hujapiga na hutaki kumsikia mwingine akipiga. Redio umeihamishia kwa shangazi. Mimi nilikuwa tayari nimeshaolewa huku, nikanyamaza, nikasema mambo ya wakubwa hayo. Nilikosea, na unisamehe.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana siku zote nakwambia "niko dukani" na kubadilisha mazungumzo. Niliogopa utadhani nakucheka. Baba, natengeneza meno.

Mwajiri wangu ni Mzee Wandera, Msamia wa Lumino, fundi wa meno ya bandia. Chumba chetu kiko nyuma ya duka la vitambaa, karibu na barabara ambako malori yanasubiri kuvuka kwenda Kenya. Daktari anachukua chapa ya ufizi wa mgonjwa, anatuletea. Sisi tunamwaga plasta, tunapanga meno kwenye nta, kisha tunaweka plastiki ya pinki mahali pa nta na kuichemsha ndani ya sufuria ili ishike. Hapo ndipo penye kazi. Moto ukiwa mkali mapema, plastiki inatoka na vitundu. Ukiiepua mapema, inabaki mbichi na kumuunguza mtu ulimi.

Saa ya ukutani ilikufa kabla sijafika, na Mzee Wandera hakununua nyingine kwa sababu anapima kwa muziki. Albamu mbili kwa moto mdogo, nusu albamu kwa moto mkali. Na ni jazi tupu, tena mpya, zilizotoka mwaka huu au uliopita. Anazitafuta kwenye simu yake akiwa amekaa ukutani mwa hoteli ya jirani yenye intaneti, na kila Jumatatu anakuja na moja au mbili anatabasamu kama aliyetoka kuvua. Kuruka wimbo hakuna. Ukiruka wimbo usioupenda, meno ya mtu yanatoka mabichi.

Alinichukua nifagie tu. Siku moja aliitwa na daktari, akaniacha na sufuria motoni na simu ikiimba. Katikati ya albamu ya pili simu ikazima chaji, na umeme haukuwepo. Nilisimama pale na ufagio nikiitazama sufuria. Kisha nikaanza kuimba mwenyewe, kwa mdomo uliofungwa, kuanzia pale ilipokatikia: piano, kisha tarumbeta, kisha ngoma peke yake, kisha wote. Ilikuwa albamu ya wiki ile, nilishaisikia mara nyingi. Nilipomaliza wimbo wa mwisho nikapandisha moto, nikaimba nusu ya ile ya kwanza, nikaepua. Mzee Wandera alirudi, akavunja plasta, akayageuza meno kwenye mwanga.

"Nani alikupea saa?" akaniuliza.

"Sina saa, mzee. Niliimba."

Akayaweka meno mezani, akasema, "Weka chini hiyo ufagio. Kesho unakuja kwa meza."

Hiyo kazi umenipa wewe. Wengine walipokuwa wanacheza rede, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na miguu yako, nimeshika ule mwanzi mwembamba wa saksafoni mdomoni niuloweshe kabla hujaufunga, na ukiutaka lazima kwanza nikuimbie wimbo wote wa jana bila kuruka kipande. Nililia mara ngapi? Leo nakula kwa wimbo ule wa bila kuruka. Ahsante, baba. Nilipaswa kusema zamani.

Sasa flashi. Zimo albamu nne, na majina nimezipa mimi.

Ya kwanza naiita ya Mvua. Ni binti wa Afrika Kusini na piano yake. Anaanza peke yake, anagusa kidogo kisha ananyamaza, mpaka unadhani amesahau. Hajasahau. Isikilize alasiri mvua ikinyesha juu ya bati.

Ya pili ni ya Harusi. Vijana wa London, wapiga ngoma wawili, na lile baragumu kubwa la tumboni ndilo linafanya kazi ya besi. Najua utasema hii siyo jazi, kwamba jazi ni magitaa matatu, tarumbeta mbili na watu wazima wanacheza mpaka visigino vinalia. Sema tu. Lakini mwambie mama autazame mguu wako wa kulia kwenye wimbo wa tatu.

Ya tatu ni ya hapo jirani, Nairobi. Wamechukua nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, wakaiweka na trombone. Mara ya kwanza sikuipenda. Ilikuwa motoni, sikuwa na la kufanya, na mara ya nne nikagundua kwamba naingoja. Wewe huwa unasema ya kale ni dhahabu. Sawa, lakini kipya nacho kinyemi, ingawa kidonda.

Ya nne usiifungue kabla ya hizo tatu. Ni mzee wa Marekani, saksafoni kama yako, na wenzake wawili tu. Siku ilipochezwa mara ya kwanza nilikuwa napanga magego ya mama mmoja wa Nagongera, nikayaangusha. Baba, kwenye sauti ya mzee yule pumzi inatangulia, kisha ndiyo wimbo unafuata. Hang'ati sauti mwanzoni. Ndivyo ulivyokuwa unapiga mwaka ule wa mwisho, meno yalipokuwa yanacheza, ukakunja mdomo wa juu ndani ili uyafunike. Wewe uliona aibu ukasema sauti imeharibika. Mimi nilikuwa nimekuja kuwasalimia, niko jikoni na mama, tukaacha kupepeta mchele tukasikiliza. Hatukukwambia. Hilo nalo tulikosea.

Nikamwambia Mzee Wandera, "Huyu hana meno yake ya juu." Akacheka. Kisha akaitafuta picha ya albamu, akaikuza kwenye simu, akavaa miwani ya kazi, akamkagua yule mzee kama mgonjwa aliyekaa kitini.

"Hii ya juu ni ya fundi," akasema. "Na fundi mwenyewe alikuwa na haraka. Lakini sikia vile anapiga."

Basi mtu wa umri wako ametoa albamu mwaka jana na meno ya fundi mwenye haraka. Nilitaka kukupigia simu siku ileile, ila ungempa mama.

Tena si huyo tu. Kabla ya Krismasi alikuja Mzee Obbo, mkulima wa Nagongera anayepiga tarumbeta kanisani. Hakuwa na meno ya juu ya mbele.

"Mimi hapana taka meno ya kula," alisema. "Kwa kula, uji iko. Nataka ya tarumbeta."

Tulimtengenezea meno mazuri, yaliyobanana kama punje za mahindi. Akayavaa, akatoa tarumbeta kwenye gunia, akapuliza. Ilitoka sauti ya mtu anayefukuza kuku. Akajaribu tena na tena, kisha akayatoa meno, akayaweka mezani kwa heshima.

"Meno iko mzuri," akasema. "Lakini mmefunga mlango yangu."

Mzee Wandera alikagua kazi yake mara tatu, akaanza kuilaumu tarumbeta. Mimi nilikuwa namwangalia Mzee Obbo mdomoni nikakukumbuka wewe ukicheka, na ule mwanya wako ambao mama anasema ndio uliomponza. Nikauliza, "Mzee, zamani ulikuwa na mwanya?"

"Iko," akajibu. "Mke yangu alinikubali sababu ya hiyo."

Kesho yake alirudi na picha ya harusi. Tukayapanga upya meno yote, tukaacha katikati nafasi ya kijiti cha kiberiti, tukachemsha albamu mbili kwa moto mdogo. Sikudanganyi, hakupona siku hiyohiyo. Alihangaika wiki tatu, na zile sauti za juu kabisa hazijarudi mpaka leo. Lakini Krismasi alipiga, na mama mkwe wangu aliyekuwepo anasema watu waliacha kuimba ili wamsikie. Tulipata jogoo.

Utasema saksafoni si tarumbeta. Kweli, kwenye saksafoni meno ya juu yanakaa juu ya kile kipande cha mdomoni, na kile kibao cha plastiki kinachoshika meno kikitengenezwa vibaya kitang'oka nyuma. Mzee Wandera analijua hilo, tumelizungumza wiki nzima. Atakirefusha kishike kaakaa. Rama nimeshamwagiza akupeleke Ijumaa kwa daktari wa meno. Kuchukua chapa hakuumi, ni kung'ata kitu kama ugali wenye ladha ya mnanaa. Othieno atangoja hapo daktari aimwagie plasta, aniletee huku imefungwa kwenye khanga.

Nisalimie mama, mwambie miwani mpya iko kwenye mfuko wa mbele wa Othieno. Msalimie shangazi mtunza redio, na umwombe airudishe. Msalimie Rama mvujisha siri, Mungu amzidishie. Na mwalimu wa bendi msalimie pia, sina ugomvi naye.

Nimebakiza jambo moja, nililiweka mwisho ili ufike mwisho.

Siku naondoka, wasichana wa rika langu walioolewa mbali walipewa vitenge na masufuria. Wewe ulinitilia mkobani kile kipande cha mdomoni cha zamani, cheusi, kilichopasuka pembeni. Nilidhani umekosa cha kunipa. Nimetembea nacho miaka yote hii bila kukiangalia vizuri. Wiki iliyopita, baada ya Rama kupiga simu, nilikitoa nikakiweka chini ya taa ya kazi. Juu yake kuna vishimo viwili, pale meno yako yalipokaa miaka ile yote, na kati ya vishimo hivyo kuna kijinafasi laini ambacho hakikuguswa kamwe.

Nimekipima kwa kipimo cha Mzee Wandera, mara tatu. Nimepanga meno mawili kwenye nta kwa nafasi hiyo hiyo, na sasa hivi yako dirishani mbele yangu.

Mwalimu akija Jumamosi, mpe kiti na mwambie bado. Mwanya wako ninao mimi huku. Nitumie ufizi.

Ni mimi mlowesha mwanzi wako,
Tatu