Taya la Bakari

Jumatatu, saa nne asubuhi. Mvua imekatika, joto limerudi, na Kibokoni yote inanuka matope na moshi wa tairi. Sijaenda kazini. Nimempigia simu mwalimu mkuu kule Ganjoni nikamwambia naumwa na kichwa. Uongo. Kinachoniuma ni mkono wa kulia.

Nieleze kwanza habari za Rahma, maana bila yeye haya yasingetokea.

Rahma ni binti wa ami yangu, baharia aliyeondoka Kilindini angali kijana akaenda kuoa na kuishi Wales. Leo Rahma ni kiongozi wa chama katika bunge la huko. Siasa yake ilianza kwa kipigo. Alikuwa msichana tu, kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari, askari akamvunja taya kwa rungu. Walioona walikuwa wengi, majirani zake wakiwemo, na hakuna aliyetoa ushahidi. Alipopona akagombea udiwani, akashindwa, akagombea tena, akapanda mpaka hapo alipo. Kila mwaka mimi huwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, na wale majirani huwasema vibaya kana kwamba nawajua.

Wiki iliyopita alikuja kwa hitima ya arubaini ya babake. Mgombea mmoja wa wadi akaja kutoa pole, akapiga naye picha, akaisambaza kwenye simu za watu eti mgeni wetu anamuunga mkono. Rahma hakusema neno kama hilo. Jumamosi baada ya alasiri, wafuasi wa mpinzani wa yule mgombea wakaja mlangoni kwetu.

Mawe. Chupa. Tairi linalowaka. Dirisha la juu likavunjika na kioo kikamkata mama kwenye paji la uso. Nilipoiona ile damu kwenye leso yake, ualimu ulinitoka. Nilichomoa komeo la mlango, lile la chuma, nikatoka nje.

Wa kwanza nilimpiga bega. Wa pili alikimbia. Wa tatu alikuwa Bakari, fundi wa mafriji, jirani yetu, ambaye mwanawe namfundisha. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wetu, ametupa mgongo, mikono ameitanua kuwazuia wale wahuni. Aligeuka. Nilimjua. Niliviona viganja vyake vitupu.

Nikampiga.

Nitasema ukweli wote, ingawa naona haya. Nilisikia mfupa ukivunjika, na nikaona raha. Alipoanguka niliinua komeo mara ya pili, ndipo mama akanishika kiuno kwa nyuma akanivuta ndani.

Rahma alikuwa ghorofani, hakuona. Mama aliliosha komeo kwa sabuni akalirudisha mahali pake. Polisi walipofika aliwaambia kuwa Bakari amepigwa jiwe na wale waliokuja kufanya fujo, na mashangazi wote waliokuwa ndani wakaitikia.

"Sisi tutakusitiri, Saada," aliniambia jikoni. "Wewe wanyamaza, nasi twanyamaza. Na huyu mgeni asijue kitu."

Jana nilikwenda hospitalini na uji kwenye chupa. Taya la Bakari limefungwa nyaya, hawezi kusema. Askari alikuwa pale na daftari, akamuuliza kama lilikuwa jiwe. Bakari alinitazama mimi. Kisha akaitikia kwa kichwa. Askari akaandika, akasema wameshamkamata muuza viatu mmoja na leo watamfikisha mahakamani. Huenda muuza viatu alirusha mawe. Lakini taya la Bakari hakulivunja yeye.

Mke wa Bakari akanishukuru kwa uji.

Tangu hapo nina hasira na Bakari, na najua sina haki. Afadhali angeninyooshea kidole.

Na leo asubuhi Rahma amenibusu mashavu yote mawili. "Saada, nyinyi hamkunikimbia," ameniambia. "Nikirudi nitawaeleza watu wangu." Anajivunia mimi. Nikajiona nimo katika lile kundi la majirani walionyamaza. La, hata hapo najipendelea. Mimi ndiye mwenye rungu.

Ndege yake ni saa kumi jioni. Nimemwomba kabla hajafunga mizigo tukae sisi wawili tu, halafu anisindikize kituo cha polisi. Hajui ni kwa nini. Mama anajua. Amesimama mlangoni mwa chumba changu, bandeji kwenye paji la uso, hapigi kelele.

"Ukienda kituoni," amesema, "radhi zangu huna."

Sijawahi kumsikia akitamka hivyo kwa mtoto wake yeyote. Hasira yote imeniisha, imebaki hofu tupu.

Buibui nimeshalivaa. Nitapita mbele yake nikiwa nimeinamisha kichwa. Radhi nitaziomba nikirudi, kama wataniachia nirudi.