Risiti Niliyoipeleka Mwenyewe

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Fort Worth hatujambo. Goti la babu yako limetulia, sasa anajigamba atalima bustani. Natumai nanyi huko Alief ni wazima.

Umeniuliza kama ni haki mhamiaji anayetuma pesa kwao anyimwe msaada wa chakula, maana shuleni mtakuwa na mdahalo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani nilisafisha vyumba vya hoteli. Nilipoitwa ofisi ya misaada, nilibeba risiti ya dola arobaini nilizotuma Kigoma. Kwetu anayekumbuka nyumbani ndiye mtu wa kuaminika, nikadhani wataniheshimu. Jirani yangu Konsolata, aliyekuja kunitafsiria, alipoiona alishika kichwa.

"Mama Didasi, umekuja kujishtaki?"

Karani akauliza nimemtumia nani.

"Dada yangu. Anamlisha mwanangu."

Nikawaza: Akininyima, tutalala njaa wawili, mimi huku na mtoto kule. Akanirudishia risiti. "Itunze vizuri, mama," akasema, akaendelea kujaza fomu.

Msaada nilipokea miezi saba. Kodi ya serikali nimelipa miaka ishirini na nne, na hiyo hakuna anayeitaja. Inaniuma, sikufichi. Lakini wenzako wanaosema tunyimwe si wabaya. Wanaona pesa inavyotoka, hawajaona ilikofika.

Risiti nimeitia humu kwenye bahasha. Wino umefifia, ila arobaini inasomeka. Waonyeshe, uwaambie mtoto yule ndiye anayekupeleka shuleni kila asubuhi.

Bibi yako anayekupenda