Grisi ya Mashine ya Kahawa

Matiri, Mbinga,
11 Agosti 2024.

Mpendwa kaka Florian,

Shikamoo. Habari za Mwanza, na za wifi Devotha na watoto? Kile kikohozi chako kimepona? Sisi huku tu wazima, baridi tu inatusumbua, na kahawa bado ipo vichanjani. Mama anakula vizuri, ila amekuwa kimya.

Najua shemeji yako Pankras, huyu mume wangu, amekupigia simu kukwambia beringi ulizotuma ni feki, ndiyo maana mama hakumwahi mdogo wake. Usimwamini. Kwenye kifurushi hiki nimekufungia beringi yenyewe iliyoungua, uione kwa macho yako.

Unakumbuka Land Rover ya marehemu baba ilivyokuwa ikilia gurudumu la mbele la kushoto. Beringi zako zilipofika, Pankras alikataa kuipeleka kwa fundi. Mtu ambaye bawaba ya mlango wa jikoni imemshinda tangu Pasaka alivaa ovaroli, akalala chini ya ekseli akipiga mluzi. Beringi mpya akazipaka grisi iliyobaki kwenye kopo la mashine ya kumenyea kahawa. Nilimwambia ile ni ya mashine ya kuzungusha kwa mkono, haiwezi moto wa breki. Akanijibu, "Mama Violet, grisi ni grisi." Kisha akakaza nati kwa nguvu zake zote, akajisifu kwamba gurudumu halichezi. Kweli halikucheza, hata kuzunguka lilikuwa halitaki.

Halafu akamwita padri aje alibariki gari. Maji ya baraka yaliishia kwenye boneti.

Ndipo ikaja habari kutoka Liuli kwamba mama mdogo Gertrude amezidiwa na anamwulizia mama. Mama alishafunga mzigo wake apande basi la asubuhi. Pankras akasema mama mkwe wake hapandi basi wakati yeye ana gari. Gari lake tangu lini? Basi likaondoka.

Kwenye mteremko wa kushukia Mbamba Bay tulisikia harufu ya kuungua, gurudumu likatoa moshi, likagoma. Grisi ilikuwa imeyeyuka ikatiririkia kwenye breki, na ncha ya ekseli imelika. Huyo bwana fundi wangu akalimwagia gurudumu maji ya kunywa ya mama. Tulikaa pale mpaka lori la mahindi lilipotuchukua. Liuli tulifika jioni. Walituambia mama mdogo alimwulizia dada yake mpaka mchana, akakata roho. Basi lile lilikuwa limeshafika zamani.

Pale msibani, mbele ya wajomba, Pankras hakuona haya kulitaja jina lako na beringi feki. Namdharau, kaka. Nampikia, namfulia, na namdharau.

Maharage ambayo mama alimchambulia mdogo wake na kuyabeba kwenye mzigo yalipikwa msibani, na mama mwenyewe ndiye aliyechochea moto.

Beringi za upande wa kulia, ambazo bado hajazifunga, nimezificha asizifikie. Ila nakuomba umpigie mama, umwambie mwenyewe kuwa ulituma kitu kizima. Mimi nimemwambia, lakini anadhani namsema mume wangu kama kawaida yangu. Hajui amkasirikie nani, na sitaki awe wewe.

Wasalimie wifi Devotha, Clemence na mjomba Xaveri. Mungu awalinde nyumbani na njiani.

Mdogo wako akupendaye sana,
Tadea