Koti la Mwalimu Lukwele

Jumamosi jioni, Bigwa

Manyunyu tangu alfajiri. Milima imejifunika mawingu hadi kiunoni, na nguo nilizofua juzi bado zina unyevu. Nimerudi kutoka Mlali sasa hivi. Viatu vimejaa udongo wa makaburini, mgongo unauma, na nimekaa kitandani nimevaa koti la mwanamume tuliyemzika leo mchana.

Sijalia bado.

Mwalimu Lukwele alinifundisha fasihi ya Kiingereza nikiwa kidato cha tano. Miaka ikapita, nikarudi shuleni pale pale nikiwa mwalimu, tukagawana somo. Mimi nikapewa ushairi. Yeye akabaki na tanzia za Waingereza wa kale, zile za jukwaani, kwa sababu alisema vifo ni kazi ya mtu mzima na mimi nilikuwa bado mdogo. Alipostaafu akaenda kwao Mlali kulima nyanya, nami nikarithi vifo vyote.

Alikuwa na mpangilio wake wa kuzifundisha. Alianza na michezo ya zamani iliyotoka kanisani, ambamo Kifo chenyewe kinambishia mtu hodi, na mtu anaomba aongezewe muda kidogo. Kisha wanakuja wasomi walioiga Warumi: hotuba ndefu, mizimu inayodai kisasi, lakini mauaji yote yanafanyika nje ya jukwaa, na watazamaji wanaletewa habari na mjumbe anayehema. Kisha yakajengwa majumba ya michezo yasiyo na paa katikati. Watu wa kawaida wakalipa kiingilio, wakasimama uwanjani mchana kweupe, na hao hawakutaka kusimuliwa. Walitaka kuona. Basi waigizaji wakawa wanaficha damu ya mnyama ndani ya kibofu, chini ya nguo, ili kisu kikigusa tu imwagike.

Siku alipofika kwenye vibofu, alikuja darasani na mfuko wa juisi ya rozela chini ya shati jeupe, akamwambia kiranja amchome kwa rula. Darasa zima lilipiga mayowe. Mkuu wa shule alikuja mbio na kiatu kimoja. Mama Regina, mkewe, alimnunia siku kadhaa kwa sababu ya lile shati, na Mwalimu alikuwa akitusimulia jinsi alivyokula ugali mkavu kwa ajili ya elimu yetu.

Lakini alichokipenda kuliko damu ni mchekeshaji. Kulikuwa na wasomi wa wakati ule waliokasirika kuona mpuuzi mmoja anaingizwa katikati ya wafalme wanaokufa, anatania mbele ya kaburi lililo wazi. Walisema mchezo unaharibika. Mwalimu alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya tai na kusema, "Hao hawajawahi kuhudhuria msiba wa Waluguru."

Tulicheka sana. Nami kila mwaka nimekuwa nikiirudia kauli hiyo mbele ya wanafunzi wangu, nao wanacheka, kisha naandika ubaoni: mchekeshaji huwapa watazamaji nafasi ya kupumua. Naweka alama ya nukta. Tunasonga mbele.

Leo nimejua sikuwa najua ninachoandika.

Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Ukoo wa mama yangu na ukoo wa Mwalimu ni watani tangu zamani, nadhani tangu kabla ya hiyo michezo yake ya Kiingereza. Mtani kwenye msiba halii. Mtani ana kazi. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anamsema hata kwa yale ambayo katekista hawezi kuyataja, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wala yeye hana ruhusa ya kukataa.

Alhamisi Mwalimu alitoka nyumbani asubuhi kwenda kuangalia miche ya nyanya. Akaanguka shambani. Mama Regina alipofika hospitali walikomkimbiza, mumewe alikuwa ameshafunikwa shuka. Ijumaa nikapigiwa simu na Bibi Agatha, dada wa marehemu.

"Shikamoo bibi," nikasema, sauti imeshanikatika.

"Marahaba. Sikiliza we mtani, usije huku na machozi. Waliaji tunao wa kutosha."

Akakata simu.

Niwe mkweli hapa, maana hakuna anayenijua anayesoma haya. Nilifikiria kusema naumwa. Mama hayupo, mjomba wangu hawezi tena kutembea mbali, na kati ya sisi tulio karibu, aliyemjua Mwalimu hadi kikohozi chake ni mimi. Wangeweza kumtafuta mtani mwingine, lakini angemwigiza mzee yeyote mwenye miwani. Mtu wangu angezikwa na vichekesho vya kuazima. Wazo hilo ndilo lililonitoa kitandani leo asubuhi.

Nilipofika, jeneza lilikuwa sebuleni na turubai lilikuwa linavuja upande wa wanawake. Mama Regina alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho makavu, hanywi, hali, hajibu salamu. Bibi Agatha alininong'oneza kwamba yuko hivyo tangu Alhamisi. Hajatoa hata sauti. Watu walianza kumwogopea.

Bibi Agatha akanipa koti la Mwalimu. Lile la kahawia, lenye viraka vya ngozi viwikoni, alilokuwa anavaa hata kwenye joto la Machi. Lilikuwa bado linanuka tangawizi.

Nilikuwa nimeandaa maneno usiku, kama mtu anayejiandaa na mtihani. Nikayasema. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alipiga mwayo. Nilisimama katikati ya ule uwanja na mikono ya koti ikinifika vidoleni, nikahisi machozi yanapanda, na nikajua yakidondoka tu kazi imeharibika.

Basi nikaacha maneno yangu. Nikaweka mikono nyuma, nikatoa shingo mbele, nikaenda jikoni kwa kina mama kwa ule mwendo wake wa kusimamia mitihani. Nikachukua kitumbua kilichofungwa kwa gazeti. Kitumbua nikakipuuza. Nikalikunjua gazeti, nikalisogeza mbali na macho, nikaanza kulisoma, na mtu akitaka kupita namzuia kwa mkono. Maana ndivyo alivyokuwa. Umemwalika chai, kuna foleni, watu wana njaa, yeye anasoma habari ya mwaka juzi kwenye karatasi yenye mafuta. Nikafika pale lilipochanwa. Nikakohoa kile kikohozi.

"Waheshimiwa," nikasema kwa sauti yake, "mwisho wa habari hii umeliwa na nani?"

Wakaangua kicheko. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wanashikana mabega. Bibi Agatha alijifunika uso kwa khanga na mabega yalikuwa yanatikisika. Hata padri, aliyekuwa anavaa joho barazani, aligeukia ukutani.

Nikageuka, nikamkuta Mama Regina amesimama.

Alinijia polepole, akanishika kola ya koti kwa mikono miwili, akairekebisha, kama alivyokuwa akimrekebisha mumewe kila asubuhi. Hakuwa ananitazama mimi.

"Baba Regina," akasema, "ulitoka bila kuniaga."

Mwalimu alitufundisha kwamba baadaye kuna watunzi waliowaacha wafalme, wakaandika tanzia za nyumbani: mume, mke, meza ya chakula. Ilikuwa mada ndogo mwisho wa muhula, na mimi mara nyingi huipitia haraka haraka kwa sababu haitoki kwenye mtihani. Alitufundisha pia kwamba kwenye tanzia mtu hafi kimyakimya, hupewa hotuba, humalizia yote aliyokuwa nayo moyoni. Yeye hakupewa. Alipewa matuta ya nyanya na hakuna aliyesikia.

Nami nikawa nimevaa koti lake, na mkewe anasubiri jibu.

Sikuwa na utani wowote. Sikuwa na haki ya kumsemea. Lakini watu wote walikuwa wananitazama na yeye alikuwa bado ameshika kola, na nikajua nikisema "Mama, mimi ni mtani tu," atabaki na lile swali maisha yake yote.

"Mama Regina," nikasema kwa sauti ya Mwalimu, "nilijua narudi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akanipangusa vumbi begani, vumbi ambalo halikuwepo.

"Haya," akasema. "Nenda basi. Nenda salama, baba."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo nadhani iliwafikia hadi walio mashambani, na wanawake wakampokea, na Bibi Agatha akanitazama na kunipa ishara kwa kidevu: endelea. Nikaendelea. Nilibishana na wachimba kaburi kwamba wamelichimba fupi, nikawadai mapumziko ya saa nne, nikamkosoa katekista Kiswahili chake. Watu walicheka hadi udongo ulipojaa.

Nilipotaka kurudisha koti, Mama Regina alilisukuma kifuani kwangu.

Jumatatu nina kipindi na kidato cha sita, na mada ni ile ile, mchekeshaji. Sijui nitaandika nini ubaoni. Labda nitawauliza tu, je, huyo mtu akishatoka jukwaani, yeye anakwenda kulia wapi?

Mvua imeongezeka. Nimelivua koti, nimelitundika nyuma ya mlango. Utani umeisha, Mwalimu, nimeifanya kazi yako hadi mwisho.

Sasa niache na mimi nilie.