Wanataka Nisikilize Simu za Watu

Dada Tatu,

Shikamoo. Najua hutaniitikia marahaba, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tukuzike, kiti chako kwenye chumba cha simu pale posta nimepewa mimi. Nafanya kama ulivyonifundisha: nikishawaunganisha watu, navua hedifoni. Unakumbuka nilivyobaki nasikiliza wachumba wakigombana, nikicheka peke yangu? Ulinipiga kofi la begani. "Zuhura, hayo si yako. Toka." Halafu ukanimegea andazi lako nisilie.

Dada, wamenijia.

Maduka ya mjini yalipoanza kuchukuliwa na ushirika, alikuja bwana mmoja, hakutaja jina. Alitaka nimsikilize Mama Shirin, yule Mhindi wa duka la vitambaa Mtendeni, kila anapompigia binti yake Mwanza. "Hawa wanaficha mali. Wewe unasikia kila kitu, niambie tu." Mama Shirin, Dada! Aliyekuwa akikuletea uji wodini. Nikajibu nitafikiri.

Mara balozi wetu wa nyumba kumi akaanza kumuuliza mume wangu kama kweli mimi nakipenda chama. Juma ni mwalimu wa serikali. Wakimfukuza je? Wakimchukua?

Wiki iliyopita akaja mkubwa kutoka Dar es Salaam kutusomea kanuni mpya za kazi. Alipouliza kama kuna swali, nikajikuta nimesimama. "Mzee, mtu akitutaka tusikilize simu za watu, nani anamruhusu?"

Msimamizi wetu akainamia viatu vyake. Mimi nilishajiona rumande.

Mzee akavua miwani. "Hakimu, binti yangu. Asiye na hati ya hakimu, hata awe nani, mkatalieni. Andikeni hivyo, mbandike ukutani."

Ikabandikwa. Jana yule bwana akaja, akaisoma yote, polepole. Akanigeukia. "Kumbe ni wewe uliyeuliza." Akaondoka.

Tangu hapo gari likisimama nje ya nyumba yetu, nawasukuma watoto chumba cha nyuma. Juma ananisihi niombe uhamisho, niende hata posta ya kijijini Igalula. Nimekataa. Kisha nikaenda jikoni nikalia, nikijifanya ni moshi.

Ungekuwepo ungeniambia nimefanya vema au nimejitafutia balaa. Sijui. Naogopa, Dada.

Mungu akupe raha huko uliko. Nami nakuahidi hili: hata wakinichukua, hawatapata kwangu neno hata moja la Mama Shirin, kwa sababu sikulisikia.

Kumekucha. Zamu yangu ni saa moja. Nakwenda.

Mdogo wako,
Zuhura