Wagdi Amegawa Njiwa Wake

Baba Wagdi, nawe binti yangu Inshirah,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto. Nampeleka Wagdi kwa daktari. Tuko pamoja, msihangaike.

Asubuhi kampa Haji Metwali njiwa wake wote. Metwali, hasimu wake wa ufugaji! Na mimi mwenye akili nyingi nikapiga vigelegele. Miaka yote nalalamikia mavi yao kwenye nguo nilizoanika, leo paa lote ni langu! Nilikuwa naanika shuka la mwisho ndipo akili iliponirudia: anayewapenda njiwa kuliko mama yake, anawagawaje bure?

Nikashuka, nikamuuliza waziwazi, "Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Akasema, "Ndiyo, mama." Tukalia wote, mimi na vibanio vya nguo mdomoni.

~~Shangazi asijue.~~ Inshirah, mwite shangazi, ila ubani wake wa kufukuza kijicho auache kwake. Akiondoka, aondoke na dawa zote za kabatini. Tukirudi, Wagdi asiachwe peke yake, na asihubiriwe.

Baba Wagdi, nenda kwa Metwali ukaombe njiwa. Najua, kwa wafugaji wa hapa mtaani Imbaba njiwa akishaingia banda la mwenzako harudi, na kumwomba ni aibu. Basi aibika, mume wangu, mimi nimeshaanza.

Sasa hivi hapa mlangoni Wagdi ananiuliza nani atamlisha yule njiwa mwenye mguu mbovu. Nimemjibu, "Wewe, jioni."

Kwa hiyo jioni njiwa huyo awepo.

Mama, shabiki mpya wa njiwa